Spika ya Mbao za Maiti

Nilipokuwa mtoto sikuogopa giza wala paka mweusi. Niliogopa spika. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana kuieleza habari yenyewe ni kazi, na wengine nikishawaeleza huniangalia kwa huruma nisiyoitaka.

Tulikaa Dubai, mtaa wa Al Nahda, ghorofa ya nne, nyumba ya vyumba viwili. Chumba kimoja chetu: Baba, Mama na mie. Cha pili alikaa Wambui, Mkenya, askari wa mlangoni kwenye jengo la ofisi. Baba alikuwa seremala katika karakana ya makasha ya mizigo, na Mama akifanya kazi za ndani kwa madam mmoja. Tulikuwa na redio ya kaseti iliyokufa spika zote mbili. Ukiiwasha taa nyekundu inawaka, kaseti inazunguka, na husikii kitu. Kaseti za taarabu za Mama zilikaa ndani ya mfuko wa plastiki mwaka mzima, na mie kila siku nikimganda Baba: itengeneze, itengeneze, itengeneze.

Siku moja Wambui alirudi kazini na spika mbili alizozing'oa kwenye mtambo wa muziki uliotupwa pale jengoni kwao.

"Mzee, hizi zilikuwa zinaenda kwa takataka," alimwambia Baba. "Nikasema, jirani yangu ni fundi, si atajua cha kufanya nazo?"

Baba alizigeuza, akazigusisha waya za betri ndogo ya tochi, zikafanya krak, krak. Akatabasamu. Moja ilikuwa imechanika ukingoni, akaibandika kwa karatasi nyembamba na gundi. "Sasa nataka kasha," akasema. "Bila kasha zitalia kama nzi ndani ya kopo."

Mbao zikaja Alhamisi. Nilishuka chini kumpokea, na tulipokuwa ndani ya lifti, wawili peke yetu, nikamwuliza mbao nzuri vile kazipata wapi. Baba hakuwa mtu wa kudanganya mtoto. Aliniambia kwamba karakana yao wakati mwingine hupewa kazi ya masanduku ya kusafirishia maiti. Wiki ile walimtengenezea kibarua mmoja aliyeanguka kutoka jengoni, Mtanzania mwenzetu. Sanduku likakamilika, kisha jamaa zake wakapiga simu kutoka nyumbani, wakasema azikwe huku huku. Arbab, tajiri wao, akaliangalia sanduku tupu, akasema, "Khalas, livunjeni." Baba akaomba mbao.

"Mama yako usimwambie," akanionya. "Atazitupa, na mbao kama hizi dhambi kuzitupa."

Kwa hiyo nikawa na siri, na nilijiona mkubwa kweli kweli.

Kosa alilifanya Baba mwenyewe, la kujisifu kwa mama yake. Ijumaa asubuhi Mama akiwa kazini, alimpigia simu Bibi Unguja, akamsimulia habari ya spika, na kwa uchangamfu wake akamtajia na mbao. Nilikuwa ubavuni pake. Sauti ya Bibi niliisikia mpaka mie.

"We Haji! Umeingia wazimu? Sanduku lililopimiwa maiti akakosa kulilalia, unalitia ndani kwako?"

"Mama, ni mbao tu."

"Mbao tu! Hapa kwetu kaburi likichimbwa asizikwe mtu tunalifukia na gogo la mgomba, lisibaki na njaa. Wewe unajua. Umekulia hapa hapa."

"Mgomba wa kufukia huku Dubai nitautoa wapi, mama?" Baba akacheka, lakini alicheka peke yake.

Mwisho Bibi alimpa sharti. Ikiwa ameshashikilia, basi sauti ya kwanza kutoka ndani ya kasha lile iwe Yasin. Kabla ya wimbo, kabla ya habari, kabla ya upuuzi mwingine wowote. Baba akaahidi. Kaseti ya Yasin hatukuwa nayo, ila mwenzake wa karakana alikuwa nayo, angempa Jumamosi.

Siku ile ile baada ya sala ya Ijumaa alianza kazi pale baraza ya juu, nguo zilizoanikwa zikimpiga usoni. Alichora duara kwa sahani ya chai, akakata kwa msumeno mwembamba polepole, ulimi nje kama mtoto. Mie nilishika skrubu. Mama, aliyekwisharudi, alikuwa ndani akipika. Wambui alikaa mlangoni akishona kifungo cha sare yake. Alipomaliza kuunga pande zote isipokuwa ya nyuma, Baba akaingiza kichwa ndani ya kasha kutafuta kama kuna mwanga unaopenya kwenye maungio. Vumbi la mbao likampanda, akakohoa mle mle ndani. Kasha likakichukua kile kikohozi likakitoa kikubwa, kizito, mpaka nguo za jirani nahisi zilitikisika.

"Woi!" Wambui akapiga ukelele. "Hata kabla ya stima iko na besi!"

Basi tulicheka sote. Baba akacheka mpaka akakohoa tena, kichwa bado kimo ndani. Kikohozi hicho alikuwa nacho tangu msimu wa baridi. Vumbi tu, alikuwa akisema kila Mama akimwuliza.

Akajaza sponji ya godoro kuukuu, akafunga spika na ubao wa nyuma, akatuambia gundi ikauke mpaka kesho jioni na mtu asiguse.

Kesho yake nilirudi skuli saa nane mchana. Nyumba nzima hakuna mtu. Kasha limekaa juu ya kabati, waya zake mbili zinaning'inia, moja nyekundu moja nyeusi, na redio iko pembeni. Nilijua sharti la Bibi. Wallahi nililijua, hata leo siwezi kusema sikujua. Lakini nilikuwa mtoto wa miaka kumi aliyesubiri mwaka mzima, nikajiambia nisikilize kidogo tu kama inalia. Nikaunga waya, nikatia kaseti ya Mama. Ikapiga! Lo, ilivyopiga. Fidla ikatoka mle kama vile waimbaji wamekaa kitandani petu. Nilisikiliza upande mzima nikicheza peke yangu, kisha nikachomoa kila kitu, nikarudisha kaseti mfukoni mwake.

Jioni Baba aliweka Yasin, tukasimama kimya, naye ameinamisha kichwa kwa adabu. Nilijua Yasin imefika imechelewa.

Kuanzia hapo nilihesabu kila kikohozi cha Baba. Watu wakifurahia muziki, Wambui akija na wenzake kusikiliza, mie natazama kasha. Usiku nililigeuza uso wake ukutani. Mwezi wa saba Baba alikonda, mwezi wa nane akawa anapumzika kila ngazi tatu lifti ikiharibika. Mama alimsihi aende hospitali. Hakutaka. Viza yake ilikuwa karibu kwisha, na kuipata upya lazima upimwe afya, na kila mtu anajua kwamba kifua kikionekana kibaya unarudishwa kwenu. "Nikishapita kipimo nitakwenda, inshallah," alisema, kama kwamba picha ya kifua hupigwa kwa hisani.

Mwezi wa tisa alianguka karakanani, chini ya lile bati lao la moto. Siku tisa alilala hospitali. Siku ya sita Mama alinipeleka kumwona. Nilikuwa nimejizatiti kumwambia. Nilikuwa na maneno tayari: Baba nisamehe, mie ndiye niliyefungulia taarabu. Nikamkuta na mpira wa hewa puani, macho makubwa. Akaninyooshea mkono.

"Spika inapiga?"

"Inapiga, Baba."

"Besi iko?"

"Iko."

Akafumba macho akiridhika, na mie maneno yangu nikayameza. Hakuwahi kuyasikia.

Sanduku lake walilikata wenzake wa karakana. Tuliondoka nalo kwenda Unguja. Kule, kama ilivyo ada, Baba alitolewa sandukuni akazikwa na sanda yake, na sanduku likabaki tupu uani. Bibi alilitazama muda mrefu. Nilijificha nyuma ya mlango nikisubiri aseme, aniite, aninyooshee kidole mbele ya watu. Aliagiza shoka tu, sanduku likapasuliwa, likachomwa lote kabla waliokuja matangani hawajaondoka. Baadaye alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na hilo lilikuwa baya kuliko kunyooshewa kidole.

Mama na mie tulirudi Dubai. Madam wake alitusaidia makaratasi. Spika hatukuiwasha tena, wala hatukuitupa. Tulihama nayo hadi mtaa wa Discovery Gardens, ikiwa imefunikwa kanga, na juu yake Mama akiweka chungu cha ubani. Hatukuwahi kuizungumza. Mie nikawa mtu mzima, nikapata kazi ya ofisi Silicon Oasis, nikajua mapafu ni nini na vumbi la mbao hufanya nini. Nilijua. Lakini kujua hakukunisaidia, kila nikisikia fidla niliondoka mahali pale.

Mwaka jana Mama alikuwa na homa, nikakaa naye. Akaitazama ile kanga, akasema ghafla:

"Zuwena, baba yako nilimuua mie."

Nilidhani ni homa inayosema. Lakini alikuwa na akili zake. Akanambia kwamba Ijumaa ile jioni Bibi alimpigia yeye pia, kwa kuwa hakumwamini mwanawe, akamweleza mbao na sharti la Yasin. Mama hakumgombeza Baba, alimwona alivyo na furaha. Na Jumamosi alfajiri, Baba ameshatoka na mie nimelala, aliunga waya akafungulia taarabu yake, sauti chini kabisa, wimbo mmoja tu kabla ya kwenda kwa madam. "Nilikuwa na hamu nayo," alisema, na akalia kama mtoto.

Miaka yote ile! Wawili tunalala chumba kimoja, kila mmoja amejibebesha maiti ile ile. Nikamwambia na langu.

Mama alipolala, niliikunjua kanga nikaweka kiganja juu ya kasha. Hapo ndipo nilipokumbuka ile Ijumaa pale barazani. Si Mama wa kwanza, wala si mie. Sauti ya kwanza iliyotoka ndani ya kasha lile ilikuwa kikohozi cha Baba, kikubwa, wazi, kila mtu akakisikia.

Nasi tulicheka.