Kopo Nililoficha Kwenye Sanduku la Marehemu

"Dada, kwani hao vifaranga wako wanakula nini hata hawafi?"

Aliyeuliza ni jirani yangu, fundi cherehani, mke wa mdogo wa marehemu mume wangu. Kwao bata mzinga wachanga walikuwa wanaharisha na kufa ovyo. Wangu, namshukuru Mungu, kazi yao ilikuwa kelele tu.

Sikumficha.

"Ni unga nachanganya kwenye chakula. Una bakteria wazuri, wako hai. Wakijaa tumboni, wale wa kuharisha wanakosa pa kukaa. Kesho njoo nikupe."

"Mungu akubariki, dada."

Hiyo kesho, kabla hajaja yeye, akaja mumewe.

Na panga.

Nilikuwa nimepiga magoti nasali. Nikasikia mlango wa banda unang'oka. Puu! Nikatoka mbio bila hata kitambaa kichwani.

Shemeji alikuwa ndani, anakanyaga vifaranga kama mtu anayezima moto. Mmoja alimnyonga shingo, akanirushia kifuani. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye taa ya joto.

"Shemeji, acha! Hao ndio wanaolisha watoto wa kaka yako!"

"Mchawi wewe! Wangu wote wamekufa! Wote!"

Nikamng'ang'ania mguu. Akanipiga bapa la panga mgongoni, nikala vumbi. Akanipiga teke la mdomo. Panga likanichana mkono. Sikuachia. Waliobaki walikuwa wamejibana kwenye kona nyuma yangu. Nikiachia tu, wamekwisha.

Majirani wakajaa. Mkewe alikuwa mbele, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni.

"Ameniulia mifugo kwa sumu!" shemeji akapayuka. "Sumu aliyoificha kwenye sanduku la nguo za kaka yangu!"



Sanduku hilo liko chini ya kitanda changu. Kopo la unga naliweka humo kwa sababu hamfiki joto. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Shemeji," nikasema, damu imejaa mdomoni, "uliuchanganya na nini?"

"Na maji yanayochemka! Dawa si lazima iive?"

"Basi umewapika bakteria wenyewe. Vifaranga wako wameuawa na kuhara kulekule."

Panga likashuka taratibu. Mtu mmoja nyuma akacheka, "Mwizi gani huyu anajishtaki mwenyewe!"

Mkewe akamsogelea. "Ule unga, si uliniambia umenunua dukani?"

Shemeji akarudi nyuma hatua moja; mkewe akamfuata.

"Leo nilikuwa nakuja kupewa. Bure."

Ndugu zangu mnaosoma, mimi nimebaki na hili: ukiomba kitu, unapewa na maelezo yake. Ukiiba, unaondoka na kopo tu.

Fundi akamnyang'anya panga, akalitupa nje. Akavua ule utepe, akaukaza juu ya jeraha langu. Kisha akapenya katikati ya watu, akaupita mlango wa nyumba yake ukiwa wazi, akashika njia ya kwa wazazi wake.