Mkalimani wa Ulingoni

Mahakamani tulimwita Mzee Nukta, na hatukumwita hivyo kwa dharau. Kwa miaka thelathini na moja alisimama kando ya kizimba, koti limefungwa vifungo vyote hata siku za joto kali, akitafsiri maneno ya watu wasioelewana. Mimi nilikuwa karani wa chumba namba mbili, meza yangu hatua nne kutoka kwake, na utani wetu makarani ulikuwa kwamba shahidi akikohoa, Mzee Nukta naye atakohoa kwa lugha ya pili.

Hakuongeza, hakupunguza hata nukta. Siku moja mtuhumiwa wa wizi wa mabati alimkazia macho hakimu, akamtolea tusi zito, la kumfanya mtu ajifunike uso. Chumba kizima kikanyamaza kumsubiri mkalimani. Akalitafsiri lote, taratibu, uso mkavu, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Hakimu ndiye aliyelazimika kuinamia faili lake mpaka mabega yalipoacha kutikisika.

Alikuwa mtu wa ibada na wa kulala mapema. Televisheni aliiwasha kwa taarifa ya habari, akaizima kabla ya matangazo. Mkewe, muuguzi mstaafu wa wodi ya mifupa, mwanamke mfupi mwenye mikono imara kama koleo, aliwaambia wageni, "Msimngoje aongee. Maneno yote ameyamaliza kazini." Haya ya nyumbani kwao nimeyapata kwa huyo mama, ambaye hana moyo wa kuficha jambo linalochekesha.

Basi mwaka ule ikatangazwa kwamba wanamieleka wa kigeni, wale wa kwenye televisheni, wanakuja kupigana katika mji wetu, na kwamba miongoni mwao kuna wanawake wawili. Mji ukachemka. Kulihubiriwa, magazeti yakajaa barua za wazazi wenye hasira, na mabango ya wanaume vifua wazi yakapakwa rangi nyeupe kuanzia shingoni kushuka chini, hata wale majitu wakaonekana kama wanafunzi waliovaa sare. Mwishowe kamati ya maadili ilikubali, kwa shingo upande. Wanaume wavae fulana za mikono mirefu. Wanawake wafunikwe mpaka vifundoni. Onyesho liishe kabla jua halijazama. Na kila neno la kigeni litakalosemwa kwenye kipaza sauti lipite kwa mkalimani aliyeapishwa.

Katibu wa kamati, kijana nadhifu aliyezoea kubeba mkoba mtupu, alimfuata Mzee Nukta mahakamani wakati wa mapumziko. Nilikuwa napanga mafaili, nikasikia yote.

"Mzee wangu, tunataka mtu ambaye mji mzima unamwamini. Wale watu wakishika kipaza sauti, kazi yao ni kutukana tu. Wewe utasimama pale ulingoni, utafsiri. Wakitukana, punguza."

"Nipunguze nini?"

"Hayo matusi."

"Mimi sipunguzi, mwanangu. Niliapa."

"Uliapa hapa, Mzee. Kule ni mchezo tu."

"Mdomo ni huu huu," akasema Mzee Nukta, akarudi kwenye chai yake.

Alikwenda nyumbani akiwa ameshaamua kukataa. Walipokuwa mezani alimsimulia mkewe kwa maneno machache: mieleka, kamati, matusi. Mkewe akaweka kikombe chini.

"Gharika naye anakuja?"

Mzee Nukta akamtazama. Hakuwa ametaja jina la mtu yeyote.

"Umemjua wapi huyo?"

"Kwenye televisheni. Kila Alhamisi saa tisa, wewe ukiwa kazini."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipostaafu."

"Miaka minne, Mama?"

"Hukuniuliza."

Mtu ambaye alilipwa kusikia kila kinachosemwa, miaka minne hakusikia lolote kuhusu Alhamisi za mke wake. Naye mama, kwa kuwa siri ilishatoka, akaimwaga yote. Gharika ndiye mbaya wa kundi, yule anayezomewa kila aingiapo. Ila si mtu mbaya, anacheza ubaya. "Akimwinua mwenzake na kumbwaga, mtazame mkono wake wa kushoto. Anautanguliza chini ya shingo ya mwenzake ili isivunjike. Watu wanatazama vurugu. Sisi tuliouguza shingo za watu tunaona mkono."

"Akitukana je? Nifanye nini?"

"Matusi kwake ni kazi. Anataka watu waudhike, basi. Itafsiri hiyo kazi. Waudhi watu."

"Kwa maneno ya nani?"

"Yako, Baba. Huna hata moja?"

Swali hilo lilimgusa pabaya. Miaka thelathini na moja alikuwa amesema maneno ya wezi, wajane, polisi na majirani waliogombania mipaka, lakini ya kwake mwenyewe, hadharani, hata salamu hakumbuki. Akasema atakwenda. Mkewe akafurahi mno, akasukuma meza ya chai ukutani ili amfundishe istilahi za mchezo. Kabari alimwonyesha kwa kumkaba. Mwereka alimwonyesha kwa kubwaga mto wa kochi. Kisha akampa mbinu aliyoitumia wodini kwa wagonjwa waliopandwa na homa wakataka kuruka madirishani: "Mtu awe mkubwa vipi, shika kidole hiki cha mwisho, kipeleke nyuma taratibu. Atakufuata kama mtoto." Mzee Nukta, koti lake bado limefungwa, akafuata kama mtoto mpaka jikoni.

Siku moja kabla ya onyesho alikwenda hotelini asubuhi kuonana na Gharika. Alitarajia kukuta simba. Alimkuta jitu la kilo mia na arobaini limekaa kwenye kiti kidogo, miwani puani, barafu imefungwa kwa taulo kwenye goti la kushoto, linasoma kitabu cha bustani. Sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliye hospitali. Alipoambiwa kwamba matusi hayataruhusiwa, hakukasirika. Aliuliza tu swali la kikazi: watu wa mji huu, bila kuvunjiwa heshima, wanaudhiwa na nini?

Mzee Nukta alifikiri sana. "Kuambiwa hawajui kupanga foleni."

Gharika akavua miwani. Akaomba kalamu. Walikaa saa nzima wakitengeneza maneno ya kuudhi, na mhudumu aliyeleta chai alituambia baadaye kwamba alimwona mzee wa mahakama akicheka mpaka akafungua kifungo cha juu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa pomoni. Wanaume upande huu, wanawake na familia upande ule, wazee wa kamati safu ya mbele wakiwa wamekunja mikono. Nilipata nafasi nyuma yao. Wale wanawake wawili walipoingia, wamevaa nguo nyeusi mpaka vifundoni, ukumbi ulipoa. Hatukujua tutazame au tuinamishe macho. Walipigana kama dakika kumi. Yule mwembamba alipomrusha yule mnene juu ya kamba, upande wa wanawake ulitoka mluzi mkali kuliko filimbi ya mwamuzi, na kila mtu akageuka. Alikuwa bibi kizee aliyeshika mkoba mapajani, vidole viwili bado mdomoni. Baada ya hapo hakuna aliyeinamisha macho.

Kisha akaja Gharika. Alizomewa tangu mlangoni. Akapanda ulingoni, akachukua kipaza sauti, akanguruma kwa lugha yake. Mzee Nukta, amesimama wima kando ya nguzo kama yuko kizimbani, akasogeza kipaza sauti chake.

"Mzungumzaji anadai," akasema kwa sauti ileile ya mahakamani, "kwamba katika kuzunguka kwake duniani hajaona foleni mbovu kama aliyoiona jana katika benki yenu."

Ukumbi ukapigwa na butwaa, kisha ukalipuka. "Uuuuu!"

"Anaendelea kudai kwamba wanaume wa hapa hupanga foleni kama mbuzi waliosikia radi. Anasema, na ninanukuu, kwamba hata yeye alipitwa na mtu aliyejifanya anauliza saa."

Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja wa kamati alijifanya anapenga kamasi. Mambo yakaenda vizuri hivyo mpaka mtu fulani, kwa furaha tu, aliporusha ganda la chungwa likampiga Gharika jichoni.

Nadhani kilichofuata kilimtoka kwa mazoea. Aligeukia kule lilikotoka ganda akatamka tusi fupi, la mama. Lilikuwa la lugha yake, lakini ni tusi ambalo kila aliyewahi kuona filamu moja ya kigeni analijua. Kicheko kikakatika. Wanaume wa safu za nyuma walisimama. Katibu wa kamati naye akasimama, mkono umeinuliwa nusu, tayari kulifunga onyesho.

Macho yote yakamwendea mkalimani.

"Amesema neno kuhusu mama zenu," akasema. "Nimelisikia. Nalielewa. Silitafsiri. Kwa miaka thelathini na moja sijawahi kukataa neno. Leo nimekataa."

Akamgeukia Gharika, akamwambia jambo kwa lugha ya kigeni, kidole kikielekea upande wa wanawake. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akatugeukia sisi akajitafsiri mwenyewe: "Nimemwambia aombe radhi. Nimemwambia safu ya tatu ameketi mke wangu, ambaye anampenda sana mzungumzaji, na kwamba asimvunje moyo."

Ukumbi wote ulitazama safu ya tatu. Mama yule alitamani ardhi ipasuke. Gharika naye alitazama. Aibu ilimpita usoni, niliiona. Kisha, kama fundi anayekumbuka yuko kazini, akatunisha kifua, akaja polepole mpaka kwa Mzee Nukta, akamwekea begani mkono mpana kama sahani ya harusi. Mzee alitoweka nusu.

"Kidole, Baba!" sauti ikatoka safu ya tatu. "Kidole cha mwisho!"

Mzee Nukta akakishika. Akakipeleka nyuma, taratibu, kama alivyofundishwa.

Gharika akapiga yowe lililotikisa mabati. Akapiga goti moja, lile zima, akajinyonga huku na kule, kisha akaanguka chali kwa kishindo kilichorusha vumbi la ubao. Sijawahi kusikia makelele kama yale. Watu wasiosalimiana walikumbatiana. Katibu wa kamati alikuwa juu ya kiti chake, akipiga makofi na mkoba kwapani. Kutoka pale chini, bila kipaza sauti, Gharika akasema maneno machache, na mkalimani akayainua juu kwa ajili yetu sote: "Mzungumzaji anaomba radhi kwa mama zenu wote."

Kesho yake gazeti liliandika kwamba mkalimani amemwangusha Gharika. Na hapo ndipo taabu ilipoanza kwa mtu asiyejua kupindisha maneno. Barabarani walimsimamisha kumpa mkono. "Kumbe mzee una nguvu!" Yeye anajibu, "Hapana, alianguka mwenyewe." Wanatikisa vichwa: jamani, mnyenyekevu! Kadiri alivyosema kweli ndivyo alivyozidi kusifiwa.

Hakimu alimwita ofisini, maana kuna waliolalamika kwamba mkalimani aliyekataa neno moja anaweza kukataa la pili. "Na hapa kwangu je?" akamuuliza.

"Hapa nitalisema, mheshimiwa. Pale nilikuwa nimetumwa na mke wangu."

Hakimu akaona jibu linatosha.

Kamati nayo ikamwita, kwa kosa la kumgusa mgeni. Alieleza kila kitu kwa mpangilio: ganda, tusi, bega, kidole. Walipomuuliza alitumia nguvu kiasi gani, akajibu, "Kama ya kufungua kopo la mafuta ya nywele. Alijiangusha." Waliandika kwamba mkalimani alijihami na kumshinda mgeni. Akaomba sentensi irekebishwe. Wazee wakatazamana. Katibu akainama karibu naye, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mzee wangu, tuachie angalau hilo."

Mieleka haikuruhusiwa tena. Waliopinga walishinda, na mwaka uliofuata ukumbi ulirudia mpira wa pete. Bado wapo wanaosema ilikuwa aibu tupu, na wanaosema hivyo ndio wanaoikumbuka vizuri zaidi.

Siku ile ya kamati, Mzee Nukta alipotoka nje alimkuta mkewe ameketi kwenye benchi la barazani, kanga begani, mkoba magotini. Hakuwa amemwambia atakuja.

"Wamesemaje?"

"Wamegoma kuamini. Wameandika nilimshinda."

"Acha waandike," mama akasema, akiinuka kwa kumshika mkono. "Ulimshika vizuri lakini."

Mzee Nukta alifikiri, kama anayepima neno. "Ndiyo," akasema. "Hilo ni kweli. Nilimshika vizuri."

Wakapitia dukani kununua balbu ya jikoni, iliyokuwa imeungua tangu Jumapili. Yeye akapanda juu ya kiti kuifunga, mama akamshikilia miguu asianguke, na wakabishana kidogo kama ni ya wati arobaini au sitini.