Rudia, Bibi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fimbo ndefu yenye maiki kichwani, maiki imevikwa manyoya kama paka aliyelowa, nikaambiwa niishike juu ya vichwa vya watu bila kutetemeka. Mikono iliniwaka moto hadi jioni, na bado nilirudi nyumbani Sumbawanga nikiimba. Mshikaji wangu hucheka nikisema nimestaafu, maana hata ndevu hazijanikolea. Lakini kazi ile nimeiacha, na nyie wadogo zangu mnaoniuliza ilikuwaje, kaeni niwaambie.

Tulikuwa tunatengeneza makala za video kuhusu vyakula vya kwetu, vile vinavyolimwa au kuvuliwa bila kuichosha ardhi wala ziwa. Tulikuwa watatu: Mwongozaji, ambaye ndiye bosi, Mpiga Picha, na mimi mtu wa sauti, tena mkalimani kwa wazee wanaopenda kuongea Kifipa. Kituo cha kwanza kilikuwa Kabwe, kwa wanaoanika dagaa. Huko ndiko nilikojua kwamba yale manyoya ni ya kuzuia upepo, kwa sababu bila hayo upepo wa ziwa unasikika kama lori linapanda mlima. Baadaye tukaenda Chala kwenye maharage. Mwongozaji alikuwa mtu mwema, huo ndio ukweli. Ila alikuwa na neno lake: "Rudia." Jogoo akiwika, rudia. Wingu likipita, rudia. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo, picha moja inataka kufanywa mara nyingi ili ipatikane iliyo safi.

Kutoka Chala tulipanda hadi kijiji cha Bibi Oliva. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ntumba, vile vilima vya udongo ambavyo wazee wetu hufukia majani ndani yake mvua zinapoisha. Majani yanaoza humo kiangazi kizima, kisha mvua zikirudi kilima kinapanguliwa na ulezi unasiwa juu yake. Hakuna mbolea ya dukani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mmekuja na mnyama?" Alikuwa anaangalia manyoya.

"Ni maiki, bibi."

"Anakula nini?"

"Maneno."

"Basi hapa atashiba."

Nilimpenda palepale.

Mwongozaji alitaka picha ya ulezi ukisagwa kwenye jiwe, mpaka ugali. Bibi akapiga magoti, akasaga. Pikipiki ikapita. "Rudia, bibi." Akaingia ndani, akatoka na ungo mwingine, akasaga. Jua likajificha. "Samahani bibi, rudia." Kila mara alijibu, "Haya, wanangu," akaingia ndani tena. Mara ya mwisho alitoka na kibuyu cheusi kwa moshi, akakimimina kwenye ungo huku maiki yangu ikiwa karibu kabisa. Picha hiyo ikawa nzuri. Tukala ugali ule kwa maharage, tukashukuru, tukaondoka.

Mjini nilipewa kazi ya kusikiliza sauti zote kabla mhariri hajaanza kukata. Nikavaa hedifoni. Nikafika kwenye kibuyu. Baada ya ulezi kumiminika nikasikia kitu ambacho pale uwanjani hatukukisikia: pa, pa, pa. Kiganja kinapiga kitako cha kibuyu, kama mtu anayetoa punje za mwisho. Mama yangu naye huweka kibuyu darini juu ya moshi. Hatuli cha humo. Hiyo ni mbegu.

Tulirudi. Mwongozaji mwenyewe ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bibi, ule wa kibuyuni ulikuwa mbegu?"

"Nilikuja nao nilipoolewa. Ulikuwa wa mama."

"Kwa nini hukutuambia basi?"

"Mgeni namwambiaje basi?" akasema. "Karibuni ndani."

Tulitafuta ulezi kama huo Chala, tukaenda mpaka Laela. Wake ulikuwa mweusi, na kichwa chake hujikunja kama ngumi. Mfanyabiashara wa Laela akatuambia, "Ulezi ni ulezi, mdogo wangu, chukua huu mwekundu." Mwongozaji aliununua huo mwekundu, Bibi akaupokea kwa mikono miwili. Akaupika.

Makala ilionyeshwa ukumbini mjini, watu wakapiga makofi. Mimi nilisikia pa, pa, pa tu. Siku nilipofua manyoya ya maiki ili niyarudishe, punje nyeusi chache zikabaki mkononi. Nilipanda lori la mahindi asubuhi ileile.

"Kumbe mnyama wako alikula," Bibi akasema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Mvua zilipoanza tulipangua ntumba moja, tukazisia. Yakaota majani. Kila nikipata lifti nilikuwa huko, nafukuza ndege, napalilia kwa vidole, namweleza Bibi jinsi tutakavyojaza kibuyu, halafu tuwagawie na majirani. Mwongozaji alinipigia simu kwamba kuna safari ya kazi mpya, nikamwambia nimeshastaafu. Bibi alikuwa anakaa kando yangu, ananipa uji, anasema, "Haya, mwanangu."

Kichwa kilipotoka kilikuwa chembamba, vidole vimeachana kama mguu wa kuku. Mnalijua lile gugu ambalo likiwa changa linafanana na ulezi kabisa? Ndilo nililokuwa nalipalilia. Punje zetu hazikuota hata moja.

"Ulijua lini, bibi?"

"Likiwa na majani mawili."

"Na ukaniacha nilipalilie?"

Alipangusa udongo kwenye goti langu. "Ulikuwa unatoka mbali, tena na furaha yako. Ningekwambiaje?"

Nimelala nyumbani kwake, nimekula kwake msimu mzima, na bado nilikuwa mgeni wake.

Mvua zilikuwa zinaisha. Bibi aling'oa lile gugu, akalikung'uta mizizi, akalilaza pamoja na majani mengine, akavuta udongo juu yake kwa jembe. Nikachukua jembe la pili, nikaanza kilima cha pembeni.

"Humu tutapanda nini, bibi?"

"Mahindi," akasema, akaendelea kufukia.