Nilinunua kadi ya grafiki "ya mwisho Bunia", nikaipeleka ibarikiwe kabla ya kuijaribu

Wakuu, amani ya Bwana iwe kwenu. Kwa wasioamini, basi amani ya kawaida, nayo inatosha kusomea uzi.

Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu na nimeyalipia kwa mfuko wangu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi. Kiswahili changu ni cha shule, lakini nikiwanukuu watu wa hapa nitawaacha waseme kama wanavyosema.

Mimi ni mwalimu wa dini mstaafu, mzee wa kanisa hapa Bunia. Namshukuru Mungu kwa pumzi, kwa magoti ambayo bado yanakunjika, na kwa intaneti siku inapopatikana.

Binti yangu Espérance, sisi tunamwita Espé, ana studio ndogo ya kuhariri video nyumbani kwetu, mtaa wa Bigo. Harusi, matanga, kwaya. Kazi aliianza kwa kompyuta moja na kiti kimoja, na wateja walikuwa wanasubiri wakiwa wamesimama.

Mwaka huu kanisa letu lilikuwa na jubilei. Kwaya ya wamama ilirekodi nyimbo kumi na mbili, na Espé akapewa kazi ya kutengeneza filamu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Akiifanya vizuri, makanisa mengine yangemwita. Akishindwa, kamati ilikwishasema wazi: picha zitapelekwa studio moja ya Kampala, na yeye abaki na matanga.

Wiki tano kabla ya jubilei, kamati ilikuja kuona kazi imefika wapi.

Espé akawasha filamu. Mama Rachel, kiongozi wa kwaya, akaonekana kwenye skrini, akafungua kinywa kuanza wimbo, na skrini ikazimika.

Akawasha tena. Mama Rachel akafungua kinywa tena. Skrini ikazimika tena.

Mara ya tatu katibu wa kamati akatazama saa yake na kuuliza kama Kampala wanapokea picha kwa flash au kwa diski.

Kamati ilipoondoka, Espé aliniambia jambo moja. Naomba mlikumbuke, kwa sababu mimi sikulikumbuka.

"Papa, mashini haina shida. Courant njo iko na shida."

Alikuwa na maana kwamba umeme ndio unaokatika, na jenereta yetu, tunayoiita groupe, ni ya kilowati moja na ina umri wa kuheshimiwa. Kila umeme ukikatika, kazi ya kompyuta inarudi mwanzo.

Nilimsikiliza kwa upendo wa baba, kisha nikaenda YouTube.

Wakuu, huko nilikutana na ufunuo. Ndiyo kwanza ilikuwa imezinduliwa kadi mpya ya grafiki, ya juu kabisa. Mabwana wa kampuni walipanda jukwaani na kuizungumzia kwa unyenyekevu wa mtu aliyeumba nuru. Kasi yake, mara mbili ya ile ya zamani. Mara tatu, ukiwasha kitu fulani ambacho mpaka leo sijakielewa.

Vijana wa kuchambua nao walikuwepo. Mmoja alisema ni ghali lakini ina thamani. Mwingine akasema haina thamani lakini ni ya lazima. Wa tatu alikuwa amepewa ya bure, na yeye ndiye aliyeipenda kuliko wote.

Nilitazama specs kwa siku nne, mimi ambaye simu yangu nilifundishwa kuiwasha na wajukuu. Mwisho wa siku ya nne nilikuwa natamka gigabaiti kama ninavyotamka majina ya manabii wadogo.

Sasa tuje kwenye bei.

Bei rasmi iliyotangazwa ilikuwa kama dola elfu mbili. Bei rasmi nimekuja kuielewa kama mbingu: inahubiriwa sana, lakini kati ya ninaowafahamu hakuna aliyefika huko na kurudi kutuambia.

Na upatikanaji wake? Ilizinduliwa saa fulani, ikaisha saa hiyohiyo. Huko ng'ambo watu walikuwa wanapanga foleni na mahema. Kuipata Bunia ilitakiwa iingie kwenye sanduku la mfanyabiashara Dubai, ipite Kampala, ivuke mpaka, na kila mkono unaoigusa uiongezee heshima kidogo.

Lakini Mungu si mchoyo. Ilikuwepo moja.

Ilikuwa Mudzipela, dukani kwa Kambale, kijana aliyehamia hapa na familia yake kutoka Butembo, mwerevu na mwenye adabu. Alikuwa ameiweka kwenye kioo cha duka, na karatasi juu yake: IMEBAKI MOJA.

Nilimuuliza zilikuwa ngapi mwanzoni.

Akatabasamu. "Papa Ancien, siku zote ilikuwa moja. Lakini hata moja inaweza kubakia."

Ancien ni mzee wa kanisa, kwa wasiojua. Kila mtu hapa huniita hivyo, hata anaponiuzia kitu kwa bei ya mpagani.

Bei yake ilikuwa dola elfu tatu na mia sita. Nilipomwonyesha bei rasmi kwenye simu, aliitazama kwa huruma, kama mtu anayeonyeshwa picha ya marehemu. Kisha akanieleza kwamba kuna patron mmoja wa dhahabu, yaani tajiri wa machimbo, anampigia kila saa, anaitaka ili mtoto wake achezee game.

Mimi nimefundisha habari za majaribu kwa miaka thelathini na nne. Niliyatambua mara moja. Nikayaingia.

Nilikuwa na shamba dogo la mikalitusi, niliyoipanda mwaka aliozaliwa Espé. Nilikuwa nimesema siku moja itamsaidia. Nikawauzia wapasua mbao, na niliposikia msumeno nikajisifu moyoni kwamba mimi ni baba.

Kambale alinipa kadi, pamoja na kasha kubwa la umeme la kuwekwa ndani ya kompyuta kwa sababu la zamani lisingeiweza. Akaandika kwenye risiti, tena akasoma kwa sauti: siku tatu za kujaribu. Ikiwa na shida yoyote ndani ya siku tatu, nirudishe, atanirudishia zote.

Niliona ni mtu mwema sana.

Hapa ndipo uzi wangu unapotofautiana na nyuzi zenu za kadi feki na kadi za mitumba. Kadi yangu ilikuwa halisi, mpya, na muuzaji alisema kweli tangu mwanzo hadi mwisho. Upumbavu wote ni mali yangu.

Kwetu kitu kipya kikinunuliwa kwa ajili ya kazi ya Mungu hakitumiki kabla ya kuombewa. Gitaa, ngoma, maikrofoni, hata viti vya plastiki. Kinawekwa mbele ya mimbari, kinafungwa utepe, mchungaji anaweka mkono, ndipo kinafunguliwa. Na kadi hii si ilikuwa ya filamu ya jubilei?

Espé aliomba aijaribu kwanza, dakika kumi tu. Nilimwambia hatuwezi kumpa Bwana kitu kilichokwisha kutumika.

Mchungaji alikuwa Mahagi-Port kwenye semina. Jumapili ya kwanza hakurudi. Tukaweka boksi mbele ya mimbari hivyohivyo, na utepe mwekundu, wamama wakapita kulitazama. Mama Rachel aliuliza kama ni jiko la umeme.

Jumapili ya pili mchungaji akarudi. Akaomba. Aliombea kadi, aliombea kompyuta itakayoipokea, aliwaombea hata mafundi wa kiwandani. Ilikuwa sala ndefu na nzuri, na niliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu, siku ya kumi na moja tangu kununua, tukafungua boksi.

Kadi ilikuwa nzuri, sikatai. Na ndefu. Tulipojaribu kuiingiza kwenye kompyuta, ikaingia kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha ubatizo cha mtoto.

Tukaichukua kompyuta kwa pikipiki hadi kwa fundi wa vyuma Mudzipela, mtu anayetengeneza milango na madirisha. Akapima, akatikisa kichwa, akakata ubavu mzima. Kadi ikakaa, nusu ndani na nusu nje. Aliniuliza kama nataka aweke na kitasa.

Tukarudi nyumbani. Umeme wa mtaa haukuwepo, kwa hiyo tukawasha groupe.

Kompyuta ikawaka. Kadi ikazungusha feni zake kwa fahari, na taa za rangi ambazo sikuziomba. Espé akabonyeza kuanza kutengeneza filamu.

Groupe ikakohoa mara moja, ikalia kwa sauti nyembamba, ikafa.

Tulijaribu mara sita. Kadi ilikuwa inadai umeme ambao nyumba yetu yote, pamoja na pasi na friji, haijawahi kuuona kwa mpigo. Nilikuwa nimenunua ng'ombe anayekula shamba la jirani, na jirani sina.

Espé alikaa kwenye kile kiti chake kimoja, akafuta vumbi la chuma kwenye kompyuta yake iliyokatwa ubavu, polepole, kwa kanga. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya jubilei. Katibu alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama amtayarishie mtu wa Kampala zile picha.

Nikaenda kwa Kambale na boksi langu chini ya kwapa, utepe bado umening'inia.

Akasoma risiti. Akahesabu kwa vidole, bila haraka.

"Papa Ancien, hata Yesu alimaliza kaburi kwa siku tatu. Weye umekuja siku ya kumi na moja."

Wakuu, nimesoma teolojia. Nimejibu maswali ya wanafunzi, ya masista, na ya kasisi mmoja mkali sana. Kwa hilo nilitafuta pa kukaa.

Nilikaa kwenye benchi la duka nikamweleza yote: mimbari, semina, kiatu cha ubatizo, groupe. Nilipofika kwenye kitasa, alicheka hadi akashika meza, kisha akaniuliza binti yangu hasa alikuwa anataka nini.

Nikagundua sikuwahi kumuuliza. Nikampigia Espé simu palepale.

"Papa, nilikuambia mwezi uliopita," alisema. "Batri. Batri ine na paneli, courant isikatike. Mashini yangu itafanya hii kazi polepole, lakini itamaliza."

Kambale alikuwa na batri nne. Alikuwa na paneli za jua. Vilikuwa vimekaa nyuma ya duka, bila karatasi yoyote juu yake, kwa sababu hakuna anayepanga foleni na mahema kwa ajili ya batri.

Tukabadilishana. Kadi yangu ilikuwa imegeuka occasion ndani ya siku kumi na moja, yaani mtumba, hata kama ilitumika kwa jumla ya dakika mbili. Kwa hiyo nilipata batri, paneli, nyaya, na bahasha yenye pesa kidogo ambayo Kambale alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anayetoa rambirambi. Sikulalamika. Kati yetu wawili, aliyesoma risiti alikuwa mmoja.

Espé akarudisha kadi yake ya zamani mahali pake, akaziba ubavu kwa kipande cha boksi, akapunguza ukubwa wa picha uwe wa kawaida, akabonyeza. Kompyuta ikaanza kutembea kwa mwendo wa mkongojo. Umeme wa mtaa ulikatika, ikaendelea. Groupe ilibaki kimya, ikaendelea. Sisi tulikuwa tunapita mlangoni kwa ncha za vidole.

Ilichukua siku tatu. Ndiyo, wakuu, tatu. Sikumwambia Kambale.

Siku ya jubilei filamu ilionyeshwa kwa projekta ya kanisa, ile ya zamani ambayo rangi zote inazifanya za samli, juu ya shuka nyeupe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata kama kadi ingefanya kazi, ule uangavu wote wa mara mbili na mara tatu ungeishia kwenye shuka.

Mama Rachel akaonekana. Akafungua kinywa. Safari hii wimbo ukatoka, mpaka mwisho, na kanisa lote likasimama.

Baadaye alimfuata Espé akiwa amekunja uso. "Binti, kazi ni nzuri, lakini sura yangu iko wazi mno. Mungeweka ukungu kidogo."

Katibu wa kamati alikuwa karibu, akasikia. Habari za Kampala hakuzitaja tena, na makanisa mawili yameshampigia Espé simu. Ameongeza kiti cha pili.

Wiki iliyopita nilipita Mudzipela. Kadi yangu iko kwenye kioo cha duka, na utepe wetu mwekundu bado umefungwa. IMEBAKI MOJA. Bei imepanda dola mia moja. Nilipouliza kwa nini, Kambale alijibu bila aibu kwamba hii sasa imeombewa.

Nilichojifunza mimi: kabla hujatazama specs za kadi, mtazame mtu atakayeitumia na umsikilize anapotaja shida yake mara ya kwanza. Na kama kwenu mnabariki vitu vipya kama sisi, barikini, ni desturi njema, lakini someni risiti kabla ya kumwita mchungaji. Namshukuru Mungu kwamba mikalitusi huchipua tena kwenye visiki. Yangu imeshafika magotini.

Wenye kadi hii kwenye miji ambayo umeme haukatiki, njooni mtuambie filamu zenu za kwaya zinatazamwa kwenye shuka gani. Na wenye groupe ya kilowati moja, nisahihisheni kwa upole, mimi ni mtu mzima.