Msumeno Tulioununua kwa Adabu

Siku yangu ya kwanza kazini nililia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, na Babu, fundi seremala aliyestaafu karakana ya misheni, mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Akanikalisha kwenye msumeno wake wa nakshi, chumba cha uani. Ninyi wadogo zangu mliukuta umeshakufa, basi niwaeleze: ulikanyagwa kwa miguu kama cherehani, na bledi yake, nyembamba kama uzi, ilipanda na kushuka huku wewe unauzungusha ubao ufuate mchoro wa ua. Siku hiyo nilivunja bledi tatu.

"Miguu yako inakimbia nini?" Babu aliuliza. "Umeiba?"

Nikafanya kazi hiyo kila likizo. Nilikata maua ya migongo ya viti na ya vibao vya juu ya milango, ubao wa mkulo ukinukia mpaka kwenye sare yangu ya shule. Niliipenda kwa sababu mashine haikuongeleshi. Kuongea na watu kwangu ni shida, hilo mnalijua.

Kisha shingo ikavunjika. Shingo ni ule mkono wa chuma unaoshika bledi kwa juu. Ikiwa ndefu, unakata ubao mpana. Iliungwa mara mbili, ikavunjika mara ya tatu. Bila msumeno Babu hakuwa na kazi, na Babu bila kazi anakaa ukutani anahesabu kuku wa jirani.

Enzi hizi mashine hainunuliwi hivi hivi. Inatakiwa kibali cha kijiji, na kibali ni cha mashine moja tu. Mwenyekiti wa kijiji ni babu yetu mzaa mama. Alitoa kibali siku hiyo hiyo, halafu akasema atatusindikiza mwenyewe mpaka duka la serikali, Lushoto. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana Babu na Mwenyekiti ni wakwe. Mmeona wanavyosalimiana: kofia mkononi, macho chini, hakuna anayetangulia kuketi. Mkwe hapingwi, tena mbele za watu!

Dukani kulikuwa na misumeno miwili. Mmoja wa kukanyaga, umepauka rangi, shingo ndefu kuliko ya ule wetu. Wa pili wa umeme, kijani, unang'aa. Kwetu juu ya Lukozi hakuna hata waya mmoja wa umeme. Nikajua tunabeba wa kukanyaga, tunarudi.

"Chagua, mkwe," akasema Mwenyekiti.

"Nitachaguaje mbele yako, mkwe? Kibali ni chako."

"Fundi ni wewe."

"Fundi mzee. Chagua tu."

Walirushiana hivyo mpaka muuza duka akavuta kiti akakaa. Babu, ili mikono ipate pa kwenda, akaufuta vumbi ule wa umeme. Mwenyekiti akaona.

"Kumbe! Huu mzuri, mkwe."

Babu akaona mkwe kaupenda. "Mzuri sana, mkwe."

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe, mke wangu, mbona umenuna? Au unadai mahari?"

Watu wakacheka. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Nikasema, "Shikamoo, babu." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Muuza duka akaandika, na kilichoandikwa hakirudishwi.

Njiani kurudi Mwenyekiti alininong'oneza, "Babu yako uzee umemfika. Umeme ataupata wapi?" Tulipofika nyumbani Babu naye akaguna, "Babu yako uongozi umemlevya. Anatununulia umeme!" Nilitaka kupiga kelele. Wazee wawili, na hakuna aliyeutaka!

"Sasa kwa nini hukusema?" nilimwuliza Babu, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake.

Hakukasirika. "Mimi nilifungwa na ukwe. Wewe ulifungwa na nini? Yule ni babu yako, anakuita mke wake. Una ruhusa ya kumtania mpaka akimbie. Pale dukani mwenye ruhusa ya kusema alikuwa mmoja tu."

Wiki ijayo nakwenda chuo cha ualimu, kwa hiyo useremala naustaafu. Ule wa kijani uko uani, umefunikwa kanga ya Bibi. Babu hachori tena maua.

Jana nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nikasimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikasema, "Mume wangu, umetununulia pambo," nikamweleza yote.

Hakucheka. Akasema mwezi uliopita alirudi dukani peke yake, na kibali kipya mfukoni. Ule wa kukanyaga ulikuwa umeshachukuliwa.

"Usimwambie mkwe wangu kwamba nilikwenda," akasema. "Ataona haya."

Nilifika nyumbani nikamwambia Babu, hata viatu sijavua.