Mwakilishi Niliyempa Watu Wangu

Mimi ndiye niliyempa kile kiti, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuninyang'anya. Nilimpa kwa mikono miwili, mchana, watu wakitazama.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mjini Kericho kulikuwa na duka la mzee mmoja mkulima wa chai, ambaye kwenye chumba cha nyuma alikuwa ameweka televisheni nne na mashine za gemu. Sisi vijana wa mashamba ya chai tulishuka huko kila Jumapili baada ya chakula, tukacheza mpira wa kwenye televisheni mpaka macho yakawa mekundu. Mimi nilikuwa karani wa mizani, nikipima majani ya wachumaji. Rafiki yangu alikuwa fundi kiwandani. Wazazi wetu wote walitoka kule ziwani kutafuta kazi, tukazaliwa nyumba zinazofuatana kwenye laini moja ya kambi, na ugali wa mama yake na wa mama yangu tuliula bila kuuliza ni wa nani.

Sasa Nairobi kukaanzishwa chama cha taifa cha wachezaji wa gemu. Kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wote watu wazima wa tai, na nasikia hakuna hata mmoja wao aliyeweza kufunga bao. Tuliwacheka sana. Lakini walikuwa na wazo moja zuri: kila mji ulete mwakilishi wa wachezaji, akae kwenye kamati, asemee wenzake. Kwetu sisi watoto wa kambi, mtu wa chini kukalishwa meza moja na wakubwa lilikuwa jambo la kusimulia.

Tulichagua kwa mlolongo, vile tulivyowahi kuwaona wazazi wetu wakichagua: wagombea wanasimama mbele, kila mtu anapanga foleni nyuma ya mtu wake. Tulisimama nje ya duka, mimi na rafiki yangu. Foleni yangu ilifika mpaka kwenye kibanda cha fundi wa viatu. Yake ilikuwa na watu sita, na mmoja wao alikuwa binamu yake. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Shida ni kwamba kamati ilikuwa ikikutana Jumamosi. Nyumbani kwetu tulikuwa Wasabato. Tangu jua likitua Ijumaa mpaka litue Jumamosi, baba hakuruhusu hata redio, na mimi, ingawa nilikuwa tayari mtu wa ndevu, niliishika siku ile kwa hiari yangu. Kanisa la rafiki yangu lilikuwa la Jumapili, na hata huko alikuwa mgeni tu. Basi nikaigeukia foleni yangu nikasema, "Mimi Jumamosi siwezi. Huyu ni kama mimi. Mumfuate yeye." Walinung'unika kidogo, wakahama. Yeye alinishika bega akaniambia, "Omera, sitakuangusha," yaani ndugu yangu, kwa Kijaluo chetu. Nilimwamini kabisa.

Baadaye tukafanya mashindano ya kumpata mtu wa kuchezea Kericho kwenye fainali za taifa. Nilishinda mimi. Yeye akawa wa pili, nilimfunga matatu kwa moja na tukacheka. Kanuni ilikuwa wazi: wa kwanza anakwenda Nairobi, na asipoweza, wa pili anachukua nafasi. Hakuna aliyeitilia maanani kanuni hiyo, na mimi kuliko wote.

Kilichobaki ni kamati kupanga siku. Nilimtuma ombi moja tu: fainali ziwe Jumapili, na wakikataa, zianze Jumamosi saa moja jioni, jua likiwa limeshatua. Nilimwandikia kwenye karatasi ya kazini kwa herufi kubwa. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Miaka minne nilikuwa nimepima majani ya watu wengine, na nje ya kambi yetu hakuna aliyejua kama nipo.

Alirudi na uso wa matanga. "Omera, hao watu ni wagumu," aliniambia. "Nimeongea mpaka nikachoka. Wamesema ni Saturday morning, basi."

"Na ile ya jioni uliwaambia?"

"Niliwaambia zote mbili. Walinicheka tu."

Mimi ndiye niliyemfariji. Nilimnunulia chai na mandazi, nikamwambia aende yeye atuletee kikombe. Kila jioni tukitoka kazini nilimfundisha jinsi yangu ya kupitisha mpira pembeni, ile iliyokuwa ikimshinda kuizuia.

Siku chache kabla ya fainali, mwenye duka aliniita. Chama kilikuwa kikitumia sanduku lake la posta. "Kijana, hebu nisomee hii, miwani nimeacha nyumbani," akasema. Zilikuwa kumbukumbu za ule mkutano, zimepigwa taipu vizuri. Nilisoma kwa sauti mpaka nikafika kwenye tarehe ya fainali, halafu nikaendelea kwa macho. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyependekeza Jumapili. Mwakilishi wa wachezaji wa Kericho akapinga. Alisema Jumapili wachezaji wake huwa kanisani. Jumamosi asubuhi ikapitishwa, na hakuna aliyepinga.

"Mbona umenyamaza?" mzee akaniuliza.

"Ni mambo ya chama tu," nikamjibu.

Nilikasirika sana. Angesema aliogopa wakubwa, ningemwelewa. Lakini kulitumia kanisa, yeye ambaye mchungaji wake hakumjua kwa sura, ili mimi nizuiwe na langu! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini ukishakiona. Ningeweza kuwasomea wachezaji karatasi ile. Wangeniuliza ni nani aliyewaambia wamfuate. Tena, na hili naliona aibu kulisema, nilitaka aniambie mwenyewe.

Alikuja Ijumaa mchana kwenye kibanda cha mizani, begi mgongoni, akielekea stendi. Nilijua sasa atasema.

"Omera, niazime padi yako," akasema. Padi ni kile kidude cha vitufe unachoshika ukicheza, na fainali kila mtu alikuwa aende na yake. "Yangu kitufe cha kupiga shuti kimeanza kukwama."

Niliitoa kwenye droo nikampa. Nilidhani akiishika mkononi ataona haya. Alijaribu vitufe vyake kimoja kimoja, akaitia begini. "Asante, ndugu yangu," akasema. "Mtuombee huko kwenu kesho."

Kesho yake kanisani, mzee wa kanisa aliuliza nani ana ombi. Mama yangu akasimama. Sikuwa nimemwambia lolote. Alisema kijana wake mwingine yuko Nairobi kwenye mashindano, amekula kwake tangu utoto, washiriki wamkumbuke. Tukapiga magoti. Kanisa zima liliomba ashinde. Mimi, paji la uso kwenye benchi, niliomba ashindwe, na nikalitaja jina lake lote ili pasitokee makosa.

Jumapili alirudi na kikombe, na mama akampikia.