Mkata majani anayemnyima Sekunda lusina

Saa moja asubuhi, Kandida Tluway anashusha mzigo kutoka kwenye baiskeli yake nje ya banda moja la ng'ombe mtaani Singe, mjini Babati. Ng'ombe ndani ameshamsikia. Amenyoosha shingo juu ya ubao na kuanza kunusa kabla kamba hazijafunguliwa.

Kilichomo mzigoni ni mabua makavu ya mahindi na majani ya kawaida ya kando ya shamba. Lusina, majani mabichi ambayo ng'ombe huyu anayapenda kuliko kitu chochote, hayamo.

"Usiniangalie hivyo," Kandida anamwambia. "Ukishazaa utakula mpaka uchoke."

Ng'ombe anaitwa Sekunda na ana mimba kubwa. Anapuliza pumzi kwa nguvu, anageuza kichwa. Amenuna, kama ng'ombe anaweza kununa, na Kandida anaapa kwamba anaweza.

Mpita njia angesema mama huyu ni mchoyo. Ukweli ni kwamba roho inamuuma kila anapotupa bua moja ndani ya hori.

Kandida, au Mama Simon kama wengi wanavyomwita, ana miaka 53. Aliteremka kutoka Mbulu alipoolewa, akafiwa na mume mapema, akalea watoto wawili kwa mundu na baiskeli. Hukata majani mashambani Bonga, anakoishi, na kuwapelekea wafugaji wa mjini wasio na mashamba. Mzigo mmoja ni shilingi elfu tatu.

Kwa Mama Najma, mwenye Sekunda na duka la vitambaa sokoni, kazi ni zaidi ya kuleta majani. Huko analisha, anakamua, anasafisha banda.

"Mimi najua kupima kitenge," anasema Mama Najma. "Ng'ombe yalikuwa mawazo ya mume wangu, na mume wangu yuko barabarani na lori lake siku zote. Hata jina alilitoa Mama Simon. Wa kwanza tulimuuza, akaja huyu wa pili, akamwita Sekunda, jina la kanisani kwao, maana yake 'wa pili'. Nikamwambia, mbona umenibatizia ng'ombe bila kuniuliza?"

Wanacheka wote wawili. Kinachofuata hakichekeshi.

Mwaka jana Sekunda alipokuwa na mimba kama hii, Kandida alimdekeza. Alimletea lusina kila siku, tena bila kutoza. Alimnunulia unga wa mifupa na kumchanganyia kwenye pumba.

"Kwetu mjamzito halishwi mabua," anasema. "Nilijua atatoa maziwa mengi. Nikasema mifupa yake iwe na akiba."

Sekunda alizaa salama. Kandida, kwa furaha, alikamua mpaka chuchu zikakauka, ndoo ikajaa. Kesho yake asubuhi alimkuta amelala, shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio ya baridi kama sufuria iliyolala nje. Alimsukuma, akamvuta, akamwita. Miguu haikuwa na habari naye.

Akafika Abdulsalam, au Baba Sele, shemeji yake Mama Najma. Alikuwa na kisu.

"Shemeji, tusijidanganye," alimwambia Mama Najma. "Akifa mwenyewe ni mzoga, hakuna wa kumla. Tumchinje angali hai."

Hakuwa mtu mkatili. Wote waliokuwapo wanasema alichosema ndicho ambacho mtu mwenye akili zake angesema. Lakini Kandida alikaa chini kwenye kinyesi, akakipakata kichwa cha ng'ombe.

"Baba Sele, nakuomba. Dokta ameshapigiwa simu. Akifika akasema hapana, miguu nitakushikia mimi mwenyewe."

Abdulsalam alisubiri. Salvatory, daktari wa mifugo, alipofika na pikipiki yake, alipasha moto chupa ya dawa ndani ya maji, akatafuta mshipa wa shingoni. Alihitaji mtu mrefu wa kuinua chupa. Mrefu pale alikuwa mmoja tu. Abdulsalam akaweka kisu juu ya ukuta, akaipokea chupa.

Dawa ilishuka polepole, Salvatory akisikiliza mapigo ya moyo muda wote. "Ni madini ya chokaa yale, kalsiamu," anaeleza. "Ukiyaingiza haraka, moyo unasimama. Moyo nao ni msuli."

Kwanza mbavu zilianza kutetemeka. Kisha Sekunda akacheua hewa kwa kishindo, akanya. Mama Najma anasema hajawahi kukifurahia kinyesi namna ile. Kabla chai haijaiva, ng'ombe alikuwa amesimama.

Ugonjwa huo huitwa homa ya maziwa, ingawa mgonjwa hana homa, anapoa. Salvatory anasema msuli wowote, wa mguu au wa tumbo, hauwezi kufanya kazi vizuri bila chokaa katika damu. Shingoni mwa ng'ombe kuna tezi ndogo zinazopima chokaa hiyo. Ikipungua, zinatoa homoni ya kuiamuru mifupa itoe akiba yake.

"Ng'ombe akilishwa chokaa nyingi kabla ya kuzaa, kama ile ya lusina na unga wa mifupa, zile tezi zinalala, hazina kazi," anasema. "Anazaa, maziwa yanabeba chokaa yote kwa mkupuo, na tezi bado zinapiga miayo. Mama Simon hakumtupa ng'ombe. Alimpenda mno wakati usiofaa."

Maneno hayo yalimkata Kandida maini. Siku kadhaa hakutoka nyumbani. "Nilisema mkono huu usimguse tena," anasema. Mama Najma alipanda bajaji mpaka Bonga kumfuata.

"Nilimwambia, nani mwingine atamjua? Ng'ombe ni wangu, lakini mimi sijui hata anapenda kukunwa wapi."

Ndiyo maana mwaka huu ni mabua. Lakini Salvatory hafichi: aliyeanguka mara moja anaweza kuanguka tena, na kila uzao hatari huongezeka. Abdulsalam naye ameshasema kwamba safari hii hatangoja. Kandida anajua akikosea tena, Sekunda hatakuwapo.

Mwandishi anaporudi Singe, Sekunda amezaa jana yake alasiri, ndama jike. Kandida amekamua kidogo tu, kiasi cha kumtosha mtoto. Na asubuhi hii Sekunda amelala chini.

Hakuna anayejua kama anapumzika au ndiyo yale yale. Mama Najma amesimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Masikio?" anauliza.

Kandida ameyashika kwa viganja vyote viwili. "Ya moto."

"Una hakika?"

"Njoo ushike."

Mama Najma anavua viatu vyake vya dukani, anaingia pekupeku, anapeleka mkono kwa woga. Sekunda, mikono ikimzidi, anatikisa kichwa. Anajiinua kwa nyuma, anayumba kidogo, kisha miguu ya mbele inanyooka. Amesimama.

Kandida ndiye asiyeweza kusimama. Amefunika uso kwa kanga, analia kwa sauti, na Mama Najma ameinama kumshika mabega.

Baadaye Kandida anaeleza mpango wake. Amekubaliana na Mama Najma kwamba ndama huyu akiacha kunyonya atakwenda Bonga, naye atamlipia kwa kazi kidogo kidogo. Atakuwa ng'ombe wake wa kwanza tangu aanze kulisha ng'ombe wa watu.

"Huyu nitampenda kwa kiasi," anasema. "Nimejifunza."

"Wewe?" Mama Najma anauliza. "Utaweza?"

Kandida amepiga magoti, anamkausha kwa kanga yake ndama ambaye mama yake alishamlamba tangu jana.